Mwenye Chumba wa Kanazi

Kabla hajakuonyesha kitanda, alikuonyesha mpaka. Alikuwa na mkono mrefu, mkavu, wenye bangili ya shaba, na mkono ule ulitoka mlangoni mwa chumba, ukapita juu ya baraza, ukaifuata njia ya kuendea chooni, kisha ukasimama hewani.

"Mpaka hapa ni kwako," alisema. "Kutoka hapa ni kwangu. Ukitaka maji, niite. Ukitaka moto, niite, nitakuletea kaa. Usije kuuchukua mwenyewe."

Mgeni, matope yakiwa yamemfika magotini, aliitikia haraka haraka ili aruhusiwe kukaa. Wengi walitabasamu. Walidhani ni maneno ya mwanamke mzee anayejipa ukubwa. Baadaye walipojaribu kusogeza kigoda chao hatua mbili kuelekea jikoni, wakitaka tu kuota moto na kupiga soga, walimkuta amesimama mbele yao, na tabasamu likawaishia.

Sisi majirani tulimwita Mwenye Chumba. Nyumba yake ilikuwa Kanazi, kando ya barabara itokayo Muleba kwenda Bukoba, na enzi zile za Waingereza barabara hiyo ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Mvua ikishika, malori ya kahawa yalizama hadi kwenye ekseli na abiria wakatawanyika wakitafuta pa kulala. Nyumba nyingi ziliwapokea bure, kama tulivyolelewa. Yeye aliwapangisha. Chumba kilikuwa upande wa barabara, kina mlango wake na bati lake, na hakikuwa na mlango wa kuingilia nyumbani kwake. Nyuma yake alikuwa amepanda mstari wa milamula, ule mmea wenye majani marefu ambao Wahaya huupanda kutenga kibanja cha mtu, yaani shamba la migomba la nyumbani kwake, na cha jirani yake. Wazee wakija kuamua ugomvi wa ardhi, huitazama milamula kwanza. Yeye peke yake ndiye niliyemwona ameipanda ndani ya ua wake mwenyewe, kati ya mgeni na migomba yake.

"Nyumba yako ina amri nyingi kuliko bomani kwa DC," mama yangu alimtania siku moja kisimani.

"Bomani wana askari," alijibu, akijitwisha mtungi. "Mimi nina mdomo tu. Niache niutumie."

"Na panya wakipita mpakani, unawatoza?"

"Panya wananiamkia kwanza. Si kama wewe."

Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Naye alicheka, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ilianza kama kikohozi. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia. Alipenda watu. Jioni, kabla jua halijazama, alileta kigoda chake hadi kwenye milamula, upande wake, akamenya ndizi huku akimsikiliza mgeni aliyekaa barazani akisimulia habari za Mwanza, za Kampala, za meli iliyochelewa bandarini Bukoba. Aliuliza maswali kama mtoto. Kisu chake kilisimama hadithi ilipofika pazuri. Nami, kijana niliyekuwa ndiyo kwanza nimetoka masomoni na kuanza kufundisha shule ya misheni, nilikuja mara nyingi kukaa upande wake kusikiliza. Kama kuna kitu chochote ninachokijua leo kuhusu namna ya kusimulia, nilikiokota pale, kati ya maganda ya ndizi.

Lakini hakuwapa wageni kahawa. Asiyekuwa wa kwetu huenda asielewe uzito wa jambo hili. Nyumba ya Mhaya isiyo na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ni kama nyumba isiyo na watu. Mgeni akiketi tu, kikapu kinakuja. Unachukua punje, mwenyeji anachukua punje, na kuanzia hapo kuna jambo kati yenu. Yeye alikuwa na mibuni mizuri kuliko yetu. Kikapu alikuwa nacho pia, nami nilikula humo tangu utotoni. Kwa wageni hakikutoka.

"Mchoyo," walisema watu.

"Mimi nimempangisha kitanda," aliniambia nilipomwuliza. "Sikumpangisha mimi mwenyewe. Mwalimu, mtu akishatafuna kahawa yako, kesho utamwambiaje ondoka?"

Badala yake aliwapa senene. Kila mgeni mwanamume, siku ya kwanza, aliletewa senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa na kukaushwa, juu ya kipande cha jani la mgomba. Aliwahifadhi kwenye debe ili wasikosekane hata msimu wao ukiisha. Yeye, kama wanawake wote wa rika lake, hakula senene, lakini alisimama pale mpaka mgeni ale. Na kabla ya hapo alimwuliza muziro wake, yaani kile kitu ambacho ukoo wake umekatazwa kukila. Kuuliza muziro ni kawaida kwetu; wageni wawili wakikutana njiani huulizana ili wajue kama ni ndugu. Ila wengine huuliza ili wafungue mlango; yeye aliuliza ajue wa kumfungia. Nilimwona kwa macho yangu akimwambia mzee mmoja mstaarabu kwamba chumba kimejaa, na chumba kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, mlango unapigwapigwa na upepo. Mzee yule alikuwa ametaja senene kuwa ndio muziro wake.

Ulikuwa ndio muziro wa ukoo wa mume wake.

Hapa lazima niseme habari za kibanja, maana bila hicho mwanamke huyu hawezi kueleweka. Alikuwa amekinunua mwenyewe, alipotoka Kampala alikopika na kuuza chakula miaka ya ujana wake. Mume alikuja baadaye, mtu mpole wa upande wa Muleba, akahamia kwake. Watu walimcheka mume huyo, lakini wawili wale waliishi vizuri. Mama yangu alisema waliongea hata wakiwa wanakula. Kisha mume akaugua. Siku moja, mchana kweupe, Kanazi nzima ilimwona Mwenye Chumba akitangulia mbele ya machela iliyombeba mumewe akiwa bado anapumua, anampeleka kufia kwao, kwa baba yake. Alikuwa analia, na alikuwa anawahimiza wachukuzi waende upesi.

Watu hawakumsamehe. Mke gani anamtoa mumewe kitandani?

Sababu wote waliijua, ila hakuna aliyependa kuitamka. Kwetu kaburi ni shahidi. Ukoo ukishamzika mtu wake ndani ya kibanja, ukoo huo una neno juu ya kibanja hicho, na wazee wa baraza hulipokea neno hilo kuliko maelezo ya mjane asiye na mtoto. Shemeji zake walikuwa wakisema kwenye vilabu vya pombe kwamba kibanja kilikuwa cha ndugu yao, na kwamba siku moja kitarudi. Walikosa kitu kimoja tu cha kuonyesha. Kwa hiyo mwanamke yule alijua, kila alipoweka shuka safi kwenye kitanda cha wageni, kwamba mtu mmoja wa ukoo ule akilala pale asiamke, atazikwa papo hapo, na yeye atapoteza kila kitu alichonacho, na kile alichokusudia kumwachia binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa akisoma shule ya bweni ya misheni.

"Kwa nini basi upangishe?" nilimwuliza. "Funga chumba."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aache kula. "Nikifunga nitakuwa naogopa," alisema. "Sasa hivi najihadhari tu."

Mtu tuliyekuja kumwita mtu wa Muleba alifika wakati wa masika. Alikuwa na kofia ya kahawia, viatu alivyovivua kabla ya kukanyaga baraza, na sauti laini, ya kuombea. Alisema anakwenda Bukoba na lori limekwama. Aliulizwa muziro, akataja mwingine. Akaletewa senene, akawala wote, mmoja mmoja, akimtazama mama mwenye nyumba machoni, akasema kwa neno letu la heshima, "Watamu, waitu. Nani amewakaanga hivi?"

Sijawahi kuona mgeni mwenye adabu kama yule, na sitamani kumwona tena. Asubuhi alimkuta Mwenye Chumba anapasua kuni, akamwomba shoka kwa upole, akapasua zote. Upepo ulipolaza migomba miwili, alivuka milamula bila kuitwa na kuiegemeza kwa miti.

"Nilikuonyesha mpaka," Mwenye Chumba alimwambia.

"Samahani sana, mama. Nilihurumia migomba."

"Ihurumie kutoka barazani."

Aliinamisha kichwa, akarudi. Kesho yake kigoda chake kilikuwa karibu kidogo na milamula. Keshokutwa yake kilikuwa karibu zaidi. Lori lilikwamuliwa likaenda zake. Yeye alisema atangoja jingine. Hakubisha, hakununa, hakupandisha sauti hata mara moja. Kila alipokatazwa alishukuru. Nyumba yetu ilianza kumsifu. Mama yangu alisema yule ni mtu aliyelelewa, na kwamba jirani yetu angeweza kumpa japo kahawa.

Ni mimi niliyemwona mtu huyo asubuhi moja, nikikata njia kwenda shule. Alikuwa nyuma ya choo, ameinama, anatapika. Alikuwa anatapika kama mtu anayejitoa kitu kwa nguvu, vidole mdomoni, machozi yakimtiririka. Asubuhi ile, niligundua baadaye, alikuwa ameletewa senene tena. Alipomaliza aliufunika uchafu kwa udongo, vizuri, kwa mguu, akaosha mikono kwa umande wa majani. Kisha akageuka, akaniona, akatabasamu.

"Mwalimu, umeamkaje?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenye Chumba. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikaa chini, jambo ambalo hakulifanya mchana.

"Nilimwona koo lake linavyokataa," alisema. "Ndiyo maana nikamletea tena leo." Akainuka. "Mtu anayekula muziro wake ili apate kitanda, mwalimu, huyo hatafuti kitanda."

Alimwondoa siku ileile, mbele ya watu, kwa maneno ya kawaida: chumba kimepata mgeni mwingine. Mtu wa Muleba alishukuru, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuangalia nyuma. Mimi nilidhani yameisha. Mwenye Chumba hakudhani hivyo. Kutoka siku ile alikuwa akisimama mara kwa mara katikati ya kazi, kisu au jembe mkononi, akisikiliza barabara.

Walikuja alasiri moja, mvua ikinyesha. Wachukuzi wanne, machela, na mtu wa Muleba akitembea pembeni ameshika kofia yake kifuani. Juu ya machela, chini ya mkeka, alikuwa bibi kizee mdogo kama mtoto, midomo imekauka.

"Mama yangu," alisema mtu wa Muleba. "Tunampeleka hospitali Bukoba, lori limeharibika. Mlaze tu mpaka mvua ipungue. Binadamu hawezi kukataa hili."

Majirani walikuwa wametoka, wamejikinga kwa majani ya migomba. Mama yangu alikuwepo. Wote tulikuwa tunamtazama Mwenye Chumba. Nilimtazama usoni nikaona jinsi alivyotaka kufungua. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo.

Aliacha komeo, akatoka mvuani, akapiga magoti kando ya machela na kumkinga mgonjwa kwa khanga yake.

"Mama," alisema, "wewe ni wa ukoo gani?"

Bibi kizee alifumbua macho. Alitafuta uso uliokuwa juu yake. Alitaja ukoo, kwa sauti iliyosikika kwa wote, kama mtu anayejivunia hata akiwa hapo. Ulikuwa ukoo ule. Kisha akasema, taratibu, "Mwanangu, usifungue. Waliniambia nitakuja kupumzika kwa mke wa mtoto wetu. Nimewasikia njiani wakizungumza. Mimi nataka kuzikwa kwangu."

Mtu wa Muleba alisema, "Mama anaweweseka. Homa."

"Haweweseki," alisema Mwenye Chumba.

Hakufungua. Alileta mkeka, na uji, na kaa la moto kwenye kigae, akaviweka barabarani, upande wa nje kabisa, chini ya paa la majani ambalo alituamuru tulijenge papo hapo, nasi tulilijenga. Akakaa pale na mgonjwa, akimnywesha uji kwa kijiko, mvua ikimpiga mgongoni. Walizungumza wao wawili kwa Kihaya cha zamani. Nilisikia wakitajiana majina ya vilima. Mara moja wakacheka. Mtu wa Muleba alisimama mbali, chini ya bati la baraza, mahali pakavu, akingoja. Kuna kungoja kwa aina nyingi, na kwake kulikuwa kama kwa mtu aliyeweka chungu motoni.

Lori lilipita kabla ya giza. Mwenye Chumba alilisimamisha kwa kusimama katikati ya barabara. Lilikuwa linaelekea Muleba, siyo Bukoba, na bibi kizee ndivyo alivyotaka. Tulisikia baadaye kwamba alifika nyumbani kwake akiwa hai, akafa juu ya kitanda chake.

Hilo halikumsaidia Mwenye Chumba. Habari iliyoenea kanisani, kisimani, sokoni, ilikuwa fupi: alimwacha mama anayekufa barabarani, mvuani. Hata walioshika majani ya lile paa waliisimulia hivyo. Mama yangu alipunguza kwenda kwake. Wageni walipungua pia. Yeye aliendelea kutandika kitanda, kuuliza muziro, kunyoosha mkono kuonyesha mpaka, na kila msimu wa kahawa mtu mwenye kofia ya kahawia alipita barabarani, akasimama kidogo, akamwamkia kwa adabu kutoka mbali, akaendelea na safari.

Nilihamishiwa Bukoba, nikapata nyumba Buhembe, na miaka ikapita bila mimi kumwona. Mara ya mwisho nilipoitwa kwake, alikuwa hospitali ya mjini. Binti wa dada yake ndiye aliyenifuata, sasa msichana mzima, macho yamevimba.

Kwenye baraza la wodi alikuwa ameketi mtu wa Muleba. Nywele zilikuwa nyeupe. Kofia ilikuwa juu ya goti moja, na juu ya goti la pili kulikuwa na lubugo mpya, lile gome la mti lililopondwa ambalo tunawavika maiti, limekunjwa vizuri kama nguo ya harusi.

"Mwalimu," aliniamkia. "Tumekuja kumsubiri mama yetu. Tutamrudisha kwake Kanazi, tumzike kwa heshima. Ni mke wa ukoo."

Ndani, Mwenye Chumba alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa kamili. "Umemwona?" aliniuliza.

"Nimemwona."

"Amekuja na kitambaa?"

"Amekuja nacho."

Alikohoa, au alicheka. "Watanizika kwangu kama mke wao, na kaburi litakuwa langu na kibanja kitakuwa chao. Nimewazuia wote, mwalimu. Aliyebaki wa kuzuiwa ni mimi." Akaomba aitwe mchungaji. Mbele ya mchungaji, mbele yangu na mbele ya msichana, alisema anataka kulazwa kwenye makaburi ya misheni, hapo mjini, kati ya watu asiowajua. Msichana alilia, akamwomba asiseme hivyo. Migomba yote ile aliipanda kwa mikono yake, kwa nini akalale ugenini? Mwenye Chumba alimshika kidevu.

"Wewe kaa pale. Mimi nitakuwa popote."

Kisha akanigeukia. "Nenda kamwambie arudi kwao. Mwambie vizuri. Usimpe neno la kuja kulisimulia."

Nilikwenda, nikamwambia vizuri. Alinisikiliza, akanishukuru, akabaki alipoketi.

Tulimzika makaburi ya misheni, siku ya jua kali, ziwa likimetameta chini. Mchungaji alisoma mbele ya wote maneno aliyoachiwa, kwamba kaburi liwe hapo na kibanja kiwe cha msichana, na wazee wa baraza waliokuwepo waliitikia kwa vichwa. Mtu wa Muleba alikuwepo pia. Alitupa udongo wake kama wengine. Lubugo ilikuwa kwapani mwake, bado imekunjwa.

Watu walipoanza kutawanyika alimsogelea msichana. Nami nilisogea. Msichana alipiga goti kumwamkia, kama alivyolelewa.

"Pole sana, mwanangu," alisema kwa ile sauti laini. "Utakuwa mpweke pale. Kile chumba cha barabarani, utaendelea kukipangisha?"

Msichana alisimama, akapangusa udongo kwenye goti lake.

"Nitakipangisha, baba," alisema. "Si kwako."

Mtu wa Muleba alimtazama kwa upole, kama mtu anayepima kimo cha mche. Kisha akavaa kofia yake, akamshukuru, akasema atapita tena kumwamkia wakati wa kahawa.